Figo za machinjioni zifundishe madaktari wetu

Figo ya mbuzi aliyechinjwa alfajiri humfundisha mwanafunzi wa udaktari jambo ambalo mchoro wa kwenye kompyuta haumfundishi: presha inaweza kuwa nzuri na damu isifike inakotakiwa. Nilikuwa fundi wa maabara ya fiziolojia hadi nilipostaafu. Nimeona zoezi hili likiachwa na vyombo vyake vikirundikwa stoo, na siwezi kulinyamazia.

Zoezi lenyewe ni hili. Figo huwahiwa ingali na joto, ikasafishwa damu kwa maji ya chumvi ya baridi yenye heparini, ikaletwa kwenye kasha la barafu. Maabara tunautafuta mshipa unaoingiza damu, tunapenyeza kanula, tunakaza kwa uzi. Chupa imetundikwa juu. Maji ya chumvi yaliyopashwa hadi nyuzi 37 na kupulizwa oksijeni yanashuka kwa mrija, yanapenya figo, yanatokea mshipa wa pili na kudondokea kwenye silinda ya kupimia. Mwanafunzi mmoja anashika saa, mwenzake anasoma mililita. Kimo cha chupa ndiyo presha. Mililita kwa dakika ndio mtiririko. Ni vitu viwili, na kila mmoja anaviona kwa macho yake.

Kisha tunadunga adrenalini kidogo kwenye mrija. Figo ikiwa imewahiwa vizuri, mishipa yake midogo hujibana na matone hupungua papo hapo. Hapo hakosekani kijana wa kusema, "Mama, mrija umeziba." Namwambia aukague wote, kuanzia chupa hadi kanula. Anakuta hakuna kilichoziba na chupa haijashuka hata kidogo. Baada ya muda dawa inasafishika, matone yanarudi. Kijana huyo sina haja ya kumweleza tena.

Mfaransa Jean Poiseuille alilipima jambo hili kwenye mirija myembamba ya kioo katika miaka ya 1840. Upana wa ndani wa mrija ukipungua kwa nusu, huku presha ikibaki ileile, kinachopita ni sehemu moja tu ya 16. Wanafunzi wetu huikariri kanuni hiyo, wakaijibu kwenye mtihani, wakaisahau.

Nao wataihitaji wodini usiku. Mama aliyejifungua anavuja damu. Mwili wake unabana mishipa ya ngozi, ya utumbo na ya figo ili moyo na ubongo vipate. Kwa muda, presha yaweza kusomeka vizuri kabisa. Mhudumu anayeamini namba hiyo peke yake ataandika kwenye faili kwamba hali ni shwari, na kumbe mikono imekuwa ya baridi, mapigo yanakimbia, mkojo umepungua. Figo ambazo mtu akiwa ametulia hupata takriban sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, sasa zinanyimwa. Aliyewahi kuona matone yakikauka chini ya chupa isiyosogea, ninaamini atamshika mama yule mikono na kuangalia mfuko wa mkojo kabla hajaondoka.

Elimu tunayoitumia wodi za uzazi kila siku ilitoka kwenye viungo vilivyotengwa namna hii. Mwaka 1883 Sydney Ringer, daktari wa London, alieleza kwamba mioyo ya vyura aliyokuwa akiipitishia maji ya chumvi iliendelea kupiga kwa sababu maji yale yalikuwa ya bomba. Alipotumia maji yaliyokenekwa, mapigo yalififia. Kilichokosekana kilikuwa kalsiamu. Dripu ya Ringer inayotundikwa kwa yule mama imeanzia hapo. Mwaka 1895 Oscar Langendorff, kule Rostock, Ujerumani, aliingiza kanula kwenye mshipa mkuu wa moyo wa mnyama. Vali ikajifunga, maji yakalazimika kuingia kwenye mishipa inayoulisha moyo wenyewe, nao ukaendelea kupiga nje ya mwili. Mbinu yake ingali inatumika.

Wapo wanaosema kuua wanyama kwa ajili ya somo ni ukatili. Hoja hiyo naiheshimu, na ndiyo maana nasema machinjioni. Pale machinjio ya Vingunguti wanyama wanachinjwa kwa ajili ya kitoweo, iwe tunafundisha au hatufundishi. Hatuhitaji kuua hata panya mmoja. Wengine wanasema programu ya kompyuta inatosha. Inasaidia kujiandaa, lakini ndani yake kila figo hujibu sawasawa, wakati ya kweli hukataa, huvuja, huchelewa, na mwanafunzi hulazimika kufikiri kwa nini.

Hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, ile ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, zikitegemea ndugu walio hai kuwa wachangiaji. Kwingineko figo za waliofariki huunganishwa na mashine inayozipitishia maji maalumu, na madaktari hupima mtiririko na ukinzani wa mishipa wanapoamua kama zipandikizwe. Tukitaka kufika huko, watu wa kuzisoma mashine hizo tuanze kuwalea sasa.

Gharama yake ni barua ya mkuu wa idara kwa daktari wa mifugo anayekagua nyama, kasha la barafu, nauli, figo zinunuliwe kwa bei ya bucha, na fundi aliye tayari kuwa machinjioni kabla hakujapambazuka. Huyo fundi alipwe saa zake za ziada. Vyuo vimeacha nafasi za mafundi wengi waliostaafu bila kuzijaza, na zoezi hili haliwezi kufanyika bila wao.