Macho Hayamfichui Mwongo

Watu wengi husema ya kuwa mwongo hujulikana kwa macho: akiulizwa neno, hutazama chini. Dhana hii si ya kwetu peke yetu. Mwaka 2006 wataalamu waliokusanya majibu ya watu wa nchi nyingi walieleza kwamba alama iliyotajwa kuliko zote ni hii ya kukwepesha macho. Lakini mwaka ule ule Charles Bond na Bella DePaulo, wataalamu wa Marekani, walijumlisha matokeo ya majaribio mengi, wakaona ya kuwa msikilizaji asiye na msaada mwingine hupambanua kweli na uongo mara 54 tu katika 100. Mwenye kurusha sarafu angepata mara 50.

Tena tufikiri desturi zetu. Kijana mwenye adabu huinamisha macho mbele ya mzee. Je, tumwite mwongo? Na laghai aliyeizoea kazi yake hukukazia macho, akatabasamu, akakuita mjomba.

Tuchukue jambo liwapotezealo watu wengi akiba ya miaka: ununuzi wa shamba. Uache uso wa muuzaji, uyatazame matendo yake.

Kwanza, haraka. Husema mnunuzi mwingine yu njiani, na usipotoa arubuni leo utakosa. Mwenye mali ya halali aweza kuwa na haja ya fedha, lakini hana sababu ya kukuzuia usiende kuuliza.

Pili, siri. Hukuambia usiwaeleze majirani, eti wana wivu. Kumbe majirani ndio waujuao mpaka, na ndio wajuao kama shamba lina kesi.

Tatu, ukimwuliza neno moja hukujibu jingine. Wewe waomba nambari ya shamba. Yeye aapa kwa jina la Mungu. Kiapo si nambari.

Nne, hataki fedha zipitie benki, wala hataki kutia sahihi stakabadhi mbele ya mashahidi.

Hata hivyo, alama hizi si hukumu. Ni sababu ya kuuliza zaidi. Mtu mkweli naye huweza kuona hofu au kusahau, na laghai huweza kuleta hati nzuri yenye muhuri. Hapana budi kulisoma daftari lenyewe. Nchini Kenya mtu yeyote aweza kuomba, kwa nambari ya shamba, cheti cha uchunguzi katika ofisi ya ardhi. Humo huonekana jina la mwenye shamba, na kama limewekwa rehani au limewekewa zuio. Kwa shamba la kilimo, sheria ya mwaka 1967 yataka kibali cha bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe kabla ya kupita miezi 6 tangu siku ya mapatano. Na ikiwa hapo ndipo makao ya mume na mke, idhini ya mwenzake yatakiwa pia. Mama wa nyumba akistaajabu kukuona ukipima shamba, simama hapo hapo.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini fedha zikiisha kutoka, njia ya kuzirudisha ni ndefu. Mwambie muuzaji kwa heshima, "Mzee, nipe siku chache nikalisome daftari." Akikubali, hujamvunjia heshima. Akikasirika, fedha zako zisitoke mfukoni.