KUCHAMBUA SI KUHAMISHA



Sisi watu wa Ipililo, na wa mkoa mzima wa Simiyu, hatuhitaji kufundishwa na mtu maana ya neno kuchambua. Twalijua kwa vidole vyetu. Pamba ikiisha kuchumwa, akina mama na watoto huikalia, wakitenga iliyo nyeupe na ile tuiitayo fifi, wakiondoa majani makavu na vikonyo. Kisha huenda kinuni, na huko nyuzi hutengwa na mbegu. Mtu akiichukua kama ilivyotoka shambani akaishindilia guniani, hakuna atakayesema kwamba ameichambua. Ameihamisha tu.

Neno hilo hilo ndilo tulitumialo shuleni katika somo la fasihi. Mwanafunzi hupewa hadithi, au mchezo, au mashairi, akaambiwa, "Chambua." Naye hufanya nini? Aghalabu huhamisha. Yaliyokuwa kitabuni, au yaliyokuwa ubaoni, huyashindilia katika karatasi yake, kisha hufunga mdomo wa gunia kwa maneno haya: "Hii inaonyesha." Nami nasema waziwazi, ijapokuwa wenzangu wa kazi moja watanikasirikia: kazi hiyo si uchambuzi, na kosa si la mtoto. Ni letu sisi walimu.

Tazameni jinsi tufanyavyo. Kwa miaka mingi mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne umewataka vijana wataje vitabu viwili walivyosoma na kutoa hoja kadha wa kadha kwa kila kimoja. Swali hilo si baya. Lakini sisi, kwa kuogopa mtihani, tumeligeuza kuwa orodha. Twaandika ubaoni: umaskini, mapenzi, rushwa, nafasi ya mwanamke. Chini ya kila neno twaweka mfano mmoja, nao watoto huukariri kama jedwali la kuzidisha. Wako wanaoingia katika chumba cha mtihani na kutoka wamefaulu, wala hawakupata kukisoma kitabu chenyewe toka mwanzo hata mwisho.

Wala sisemi haya kama mtu asiye na hatia. Miaka kadhaa iliyopita nalikuwa nikisahihisha karatasi za darasa langu juu ya riwaya moja. Sentensi moja ilikuwamo katika karatasi karibu zote, herufi kwa herufi, nami naliitambua mara moja, maana ilikuwa yangu. Nikaipa alama zote. Karatasi moja tu haikuwa nayo. Msichana aliyeiandika alikuwa ameshika maneno matatu ya mtu mmoja katika hadithi, akauliza kwa nini mtu yule alisema hivi wala hakusema vile, na jibu lake lilikuwa kinyume cha langu. Nikaandika kwa wino mwekundu: "Siyo hoja." Akaja, akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, ni wapi nilipokosea?" Nikafungua kitabu ili nimwonyeshe, nisione cha kumwonyesha. Kitabu kilikuwa upande wake. Walakini sikumrudishia alama zake, kwa kuona aibu mbele ya darasa. Tangu siku ile aliandika ya ubaoni tu, naye alifaulu vizuri. Kufaulu kwake huko hunichoma hata leo.

Basi uchambuzi ni nini? Wazee wetu walijua kabla ya shule kufika, maana ni desturi ya baraza. Mtu aletaye shauri hana budi kufanya mambo matatu na shahidi wake. Kwanza humjulisha: huyu ni nani, na alisimama wapi jambo lilipotukia. Pili humwacha aseme, lakini yale tu yahusuyo shauri lenyewe, si habari za ng'ombe wake na wakwe zake. Tatu humhoji, ili wote waelewe ushuhuda wake unathibitisha nini. Hakuna mzee ambaye angemkubali mtu asimamaye na kusema, "Shahidi wangu ndiye huyu," kisha akaketi. Naye ajaye na mashahidi kumi bila shauri lolote, watu wangemcheka.

Maneno tuyatoayo kitabuni ni mashahidi. Aya nzuri, yaani fungu la maneno lenye wazo moja, huanza kwa shauri la mwandishi mwenyewe. Hufuata shahidi aliyejulishwa. Kisha huja kuhojiwa kwake, na hapo ndipo kazi kubwa ilipo. Shahidi akisema kwa mstari mmoja, sisi tuna deni la mistari mitatu au minne ya kueleza.

Nisije nikaambiwa kwamba nasema bila kuonyesha, nitatoa mfano. Hadithi hii fupi nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya somo hili: Mama mmoja alikuwa na mtungi mmoja tu. Mwanawe akauvunja njiani, akitoka kisimani, akarudi nyumbani akisimama mbali. Mama akamtazama, akasema, "Umerudi na mikono miwili." Kisha akatwaa kibuyu kidogo, akaenda kisimani mwenyewe, mara nne, hata giza likaingia.

Mwanafunzi wa orodha huandika hivi: "Mama ana upendo. Mama alisema, 'Umerudi na mikono miwili.' Hii inaonyesha upendo. Hoja nyingine ni umaskini." Maneno ya mama yamedondoshwa pale kama jiwe katika uji. Hatuambiwi yalisemwa lini wala kwa nini, wala hakuna aliyeyahoji.

Sasa someni hii: "Upendo wa mama huyu waonekana katika kile alichochagua kukihesabu. Mtungi wake wa pekee umevunjika, na mtoto asimama mbali akingoja kuulizwa habari zake. Lakini mama hautaji mtungi hata kidogo, bali asema kwamba amerudi na 'mikono miwili'. Hilo ni neno la hesabu. Awahesabu viungo vya mtoto kama mtu ahesabuye mali iliyosalimika baada ya moto, na kwa hesabu hiyo hakuna kilichopotea. Hata hivyo hadithi haifichi gharama, maana mara nne alikwenda kisimani na kibuyu. Basi msamaha wake si kusema kwamba hasara haikuwapo. Ni kuibeba yeye mwenyewe."

Hadithi ni ile ile, na maneno ya shahidi ni yale yale, tena yamepunguzwa yakawa mawili. Lakini wa pili ametuonyesha jambo ambalo tulipita juu yake tuliposoma. Angalieni pia jinsi maneno yale mawili yalivyoingia katika sentensi yake bila kujikwaa. Lugha yetu ina ngeli, na kila neno hujulikana jamaa yake kwa herufi zake za mwanzo. Mtu akikata vibaya, akaandika kwamba mama alisema "miwili", msomaji atauliza, "Miwili nini? Mitungi? Miti?" Vivyo hivyo mama alisema "umerudi" kwa kuwa alisema na mtoto usoni, sisi tusimuliao hatuna budi kusema "amerudi", na kuyaacha nje ya alama za kunukuu yale tuliyoyageuza. Tena tusichoke kutafuta kitendo kifaacho. Si kila mtu kitabuni "alisema". Mwingine alikiri, mwingine alikana, mwingine alionya, mwingine alidhihaki. Kuchagua kitendo ni kuanza kuchambua.

Nisikilizeni na katika habari ya kitabu kikubwa kilichozaliwa jirani yetu, ng'ambo ya maji. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyesomeshwa na wamisionari, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kitabu hakikuchapishwa wakati ule. Yeye mwenyewe alikifasiri kwa Kiswahili, nacho kikatoka mwaka 1980. Mwaka 1981 mwandishi akafariki dunia. Kwa miaka 35 mzee yule alingojea maneno yake yasomwe. Sisi twayafanya nini? Twaandika: "Kitabu chaonyesha mapenzi ya ndoa." Basi.

Lakini mapenzi hayo huonyeshwaje? Bugonoka amechukuliwa na wazazi wake kwa sababu ya masimango juu ya kukosa mtoto, naye Myombekere hamtaki mwingine. Akimfuata ukweni, hutozwa faini ya pombe ya ndizi, na mwandishi aeleza kwa utaratibu na kwa urefu kazi yote ya kuitengeneza. Msomaji mvivu huruka kurasa hizo. Hata sisi tusiokunywa pombe tusiziruke, maana shahidi yumo humo. Mume huyu athibitisha upendo wake kwa jasho. Mwanafunzi atakayechagua maneno machache katika kurasa za kazi ile, akayahoji, atakuwa na aya. Atakayeandika "mapenzi ya ndoa" ana jina la gunia lisilo na kitu ndani yake.

Najua watakavyonijibu. Wa kwanza watasema, "Mtihani hauna nafasi ya hayo, muda ni mfupi." Nami najibu: aya ile ya mtungi yaandikwa kwa dakika chache na mtu aliyezoea. Kinachomaliza muda ni kujaribu kukumbuka maneno ya mwalimu.

Wa pili watasema, "Vitabu ni haba, kitabu kimoja watoto wengi." Ni kweli, na ni aibu. Lakini kuhoji neno hakutaki vitabu arobaini. Mwalimu aandike ubaoni sentensi tano za kitabu badala ya sentensi tano zake mwenyewe, kisha aulize, "Kwa nini neno hili?" Na jioni mzazi aweza kuifanya kazi hiyo bila kitabu chochote. Nyanya akiisha kusimulia hadithi ya fisi na sungura, mtoto aulizwe, "Fisi alisema neno gani lililokufanya ujue kwamba atadanganywa?"

Wa tatu husema kwa utaratibu zaidi: "Kuyahoji maneno ya wakubwa ni utovu wa adabu, kijana apokee." Hawa nawaheshimu, maana wanatunza jambo jema. Lakini na wafungue kitabu cha Nehemia, sura ya 8. Ezra alipoleta torati mbele ya mkutano, haikusomwa tu, bali watu walielezwa maana yake, na walipoelewa walilia. Katika Luka, sura ya 4, Bwana wetu alipewa chuo cha Isaya kule Nazareti, akasoma mahali pafupi, akakifunga, kisha akasema jinsi maneno yale yalivyohusu siku ile. Na watu wa Beroya wasifiwa katika Matendo, sura ya 17, kwa kuwa waliyachunguza maandiko wao wenyewe kila siku, waone kama Paulo amesema kweli. Ikiwa mtume hakuchukizwa na kuchunguzwa, mwalimu wa fasihi ni nani hata achukizwe?

Tena kumbukeni kwamba yuko mwingine aliyenukuu. Katika Mathayo, sura ya 4, mjaribu alitoa maneno ya Zaburi ya 91, nayo yalikuwa maneno ya kweli. Lakini alikiacha kipande kitajacho njia za mtu, na ahadi waliyopewa wamtegemeao Mungu akaigeuza kuwa shauri la kumjaribu Mungu. Bwana hakuikana Zaburi. Aliweka andiko jingine kando yake, na kwa hilo akaonyesha kwamba la kwanza limetumiwa vibaya. Je, mtoto wetu aliyefundishwa kwamba neno likiisha kunukuliwa shauri limekwisha, atamjibu nini mtu kama huyo? Leo wako wengi wapitao vijijini, na wengine huja kwa simu, wakikata mstari mmoja huku na mmoja kule, wakiahidi utajiri kwa sadaka. Watu wetu hutoa, kwa kuwa mstari umo kweli katika Biblia. Hawakufundishwa kuuliza yaliyo kabla yake na yaliyo baada yake.

Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma waliungana katika vyama vya ushirika, wakiongozwa na Paul Bomani, na mojawapo ya manung'uniko yao ilikuwa mizani ya wanunuzi. Walichoka kuambiwa uzito wa mali yao na mtu mwingine. Nao wako wakulima waovu watiao mchanga na maji katika pamba ili iwe nzito. Mambo hayo mawili yamo madarasani mwetu. Mwanafunzi ajazaye karatasi yake maneno ya kitabu asiyoyahoji, atia mchanga. Na mwalimu asemaye, "Uzito wake ni huu, andika," amemnyima mtoto mizani.

Walimu wenzangu, nawasihi: muhula huu tufute orodha ubaoni walau mara moja kwa juma, tuandike sentensi moja ya kitabu, tukae kimya mpaka mtoto wa kwanza aseme neno lake. Akikosea, tumwonyeshe kitabuni. Na tukikosea sisi, tumrudishie alama zake mbele ya darasa, siku ile ile.

Mwalimu wa Kiswahili,
Ipililo.