Tutunge Mashairi ya Senene na ya Mpira

Enyi vijana wa Bukoba na Muleba mliojaaliwa kupenda kalamu, nakuusieni mtunge mashairi ya kuchekesha, yenye vina na mizani, juu ya mambo mnayoyapenda na kuyafanya kila siku, wala msingoje msiba au sikukuu ya taifa ndipo mkumbuke kuwa lugha yenu ina ushairi.

Wako watakaosema kwamba mzaha huivunjia tungo heshima yake. Hoja hiyo haina mashiko. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hakuushusha hadhi ushairi alipouingiza mitaani, katika mapenzi, vita na mabishano ya mji. Bali aliuongezea wasikilizaji. Wala mtu asidai kuwa ufundi huu ni milki ya watu wa pwani peke yao, kwani Mathias Mnyampala, aliyeipa ngonjera umaarufu, alikuwa Mgogo wa Dodoma, na sheria za kutunga mashairi alizitia kitabuni Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, tangu 1954. Nasi Wahaya tuna waimbaji wa enanga, kinanda chetu cha nyuzi, ambao masikio ya wazee wetu yalilelewa nao.

Kwa mfano, tazameni senene. Mwezi wa Novemba, mvua zikishashika, watu husimamisha mabati mbele ya taa kali, na wadudu hao wakiyagonga huteleza hadi ndani ya mapipa; kisha jamaa nzima hukaa kuwanyonyoa mbawa na miguu, na kukaangwa hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Zamani mila iliwataka wanawake wawakusanye, nao wanaume wawale: hapo pekee pana beti nyingi za kicheko, na za haki pia. Mtu akianza hivi:

Taa yawaka uwani, wametujaa senene,
Babu katoka chumbani, kofia ina wanene,

msikilizaji hahitaji kamusi. Sikio lake limekwisha kukingoja kina, nacho kinakuja kimebeba kofia ambayo hakuitazamia, na hapo ndipo anapocheka. Vivyo hivyo mpira wa uwanja wa Kaitaba, bao la barazani, uvuvi wa Kemondo na kahawa ya kutafuna, vyote vinangoja mtungaji.

Lakini msilegeze mizani kwa kisingizio cha mzaha, maana mstari wa kuchekesha ukipungua silabi moja, kicheko hufia mdomoni mwa msomaji. Wala msimcheke maskini kwa umaskini wake, au mgonjwa kwa ugonjwa wake; chekeni shauku, ile inayomfanya mtu mzima akimbie gizani akifuata mdudu, kwa kuwa shauku hiyo sote tunayo na hakuna anayevunjiwa heshima kwayo.

Basi andikeni kabla msimu haujaingia, mkasome kwa sauti mbele ya wazee wenu, na pale wasipocheka, futeni mwandike tena.