Mwani na Ukimwi: Ushindi wa maabara si tiba

KILA habari zinapochipuka kwamba kiumbe fulani wa baharini ameshinda virusi vya Ukimwi maabarani, hakosi mgonjwa anayejiuliza iwapo wakati umewadia wa kuacha tembe zake. Swali hilo ni la hatari, na yaliyotokea Afrika Kusini yanaonyesha sababu.

Ni kweli bahari imetoa mchango. Mapema miaka ya 1950, mwanakemia Werner Bergmann alieleza kemikali alizozipata kwenye sifongo wa Bahari ya Karibea. Zilifanana na viungo vinavyojenga chembechembe za urithi, ila sukari yake ilikuwa tofauti. Wanasayansi wakaanza kuunda viungo bandia vya kuhadaa virusi vinapojinakili. AZT, dawa ya kwanza ya Ukimwi kuidhinishwa Marekani mwaka wa 1987, ni ya ukoo huo. Hata hivyo, haikukamuliwa kutoka kwa sifongo. Iliundwa maabarani mwaka wa 1964 kwa matumaini ya kutibu saratani.

Kisa cha karagini kina uzito zaidi. Ute huu hutokana na mwani mwekundu, jamaa ya ule ambao kina mama wa Kibuyuni, Kwale, hupanda na kuuza. Maabarani, ulizuia virusi kuingia kwenye seli. Basi kati ya 2004 na 2007, wanawake 6,202 wa Afrika Kusini walishirikishwa katika jaribio, baadhi wakipewa jeli ya karagini iliyoitwa Carraguard na wengine jeli isiyo na dawa. Matokeo ya 2008 yalivunja moyo: jeli ilikuwa salama lakini haikukinga. Walioambukizwa walikuwa 134 katika kundi la kwanza na 151 katika la pili, tofauti ndogo mno kuitwa kinga. Aidha, wengi hawakuitumia kila waliposhiriki tendo la ndoa, jambo ambalo chupa za maabara haziwezi kubashiri.

Tangu 2005, macho yamegeukia grifithsini, protini ya mwani wa New Zealand inayonata kwenye sukari zinazofunika virusi. Imejaribiwa kwa watu wachache tu kuhusu usalama wake, na inalenga kuzuia maambukizi, si kumtibu aliyekwisha kuambukizwa.

Kwa huyo, dawa za kupunguza makali ndizo zilizothibitishwa, na akiziacha virusi hurejea damuni katika muda wa majuma. Akitokea mchuuzi wa unga wa mwani, na aulizwe: ulijaribiwa kwa wagonjwa wangapi, na virusi vilipungua kwa kiasi gani?