Mahindi Yalilala Wapi?



Vijana wetu walioingia mwaka wa mwisho wa chuo kikuu hutakiwa kufanya utafiti, na jambo hilo huzua manung'uniko majumbani. Mzazi aliyelipa karo ya kemia kwa miaka mitatu humsikia mwanawe akisema kwamba yeye, mwenzake wa kilimo na mwingine wa elimu ya jamii watasafiri hadi Kitui na Makueni kukagua maghala ya mahindi. Mzazi huuliza: "Hiyo ndiyo kemia niliyoigharimia?" Swali lake ni la haki, na jawabu lipo huko huko Ukambani.

Mwaka 2004 watu wa wilaya hizo walianza kuugua maini. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba. Kufikia tarehe 20 Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walifariki dunia. Walio wengi walitoka Makueni na Kitui. Wakemia walipopima mahindi walikuta aflatoksini, sumu itokanayo na kuvu, ambayo kwa Kiswahili huitwa sumukuvu. Katika sampuli 350 zilizochukuliwa masokoni, zaidi ya nusu zilipita kikomo cha wakati huo, yaani sehemu 20 katika bilioni. Kipimo hicho ni sawa na gramu 20 zilizotawanyika katika magunia 11,000 ya kilo 90. Jicho haliioni sumu hiyo, ulimi hauionji, na moto wa jikoni hauimalizi.

Basi daktari aliona ini, na mkemia akaiona sumu. Lakini maiti zingeendelea kuzikwa kama hakuna aliyeuliza swali la tatu: mahindi haya yalilala wapi? Watafiti waliwachukua wagonjwa 40, wakawalinganisha na watu wazima 80 wa vijiji vile vile. Wakapima damu yao na nafaka yao, kisha wakawahoji jinsi wanavyohifadhi chakula. Miongoni mwa tofauti zilizodhihiri ni kwamba nyumba za wagonjwa zilielekea zaidi kuweka mahindi ndani, mahali pa joto na unyevu, badala ya kuyaweka ghalani. Na kwa nini ndani? Kwa sababu chakula kilikuwa haba na watu walichelea wezi. Tena mavuno ya Februari yalikutwa na mvua isiyo ya wakati wake, nafaka ikaingia nyumbani ikiwa mbichi. Njaa na hofu haviwekwi chini ya hadubini. Huvijua aliyeketi na wenye nyumba akawasikiliza.

Hii ndiyo faida ya elimu kushikana mikono. Miaka ya 1960 wanasayansi walikuwa wamekwisha kuijua aflatoksini, baada ya batamzinga zaidi ya laki moja kufa huko Uingereza. Mwaka 1981 sumu hiyo hiyo iliua watu 12 Machakos. Maarifa yalikuwapo vitabuni, ila hayakufika kwenye gunia la mkulima.

Kwako wewe kijana, nina nasaha tatu.

Kwanza, chagua swali dogo unaloweza kulimaliza. Wakulima wengi hufundishwa kutia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu na kuitikisa. Chumvi ikigandamana na kioo, nafaka ina unyevu wa zaidi ya asilimia 15. Lakini hifadhi salama huhitaji unyevu usiozidi asilimia 13.5 hivi. Je, ni magunia mangapi katika kijiji kimoja yanayofaulu mtihani wa chupa na kufeli mbele ya mashine? Hilo ni swali la mwaka mmoja. Wa kemia atapima, wa kilimo atachunguza kukausha, wa jamii atauliza nani mwenye turubai na nani anaanika kwenye udongo.

Pili, mtafute mwenzenu wa hisabati kabla hamjaondoka, si baada ya kurudi. Sumukuvu haienei sawasawa katika gunia: gao moja huwa salama na jingine likaua. Anayechota juu tu kwa kuwa ndiko mkono unakofika, amepima mkono wake, hakupima gunia.

Tatu, na ndiyo kubwa, chungeni amana. Wapo wanaonunua utafiti ulioandikwa na mtu mwingine, na wapo wanaobuni takwimu chumbani ili kukwepa jua la Kibwezi. Wengi hulihesabu kuwa kosa la mtihani. Mimi naliona ni ushahidi wa uongo, kwani siku moja afisa atausoma ukurasa ule na kuamini kwamba ghala fulani ni salama, na watoto watakula. Ombeni idhini kabla ya kugusa chakula cha watu. Nendeni na mwenye kusema Kikamba. Na majibu mkiyapata, warudieni wenye nyumba muwaeleze, kabla hamjamkabidhi mwalimu.

Nanyi wazazi, mpeni kijana nauli na radhi. Kazi kama hizi zimezaa matunda: mwaka 2015 Kenya iliidhinisha Aflasafe KE01, ambayo ni kuvu wasio na sumu wanaonyunyizwa shambani wapate kuwasukuma nje wenye sumu. Haikupatikana kwa fani moja.

Wala tusiseme hayo ni ya Ukambani. Sima ya Pwani ni mahindi hayo hayo, na njugu tunazotafuna barazani hushikwa na kuvu huyo huyo. Mwanao akirejea, muulize alichokiona ghalani, kisha mwende pamoja mkalitazame gunia lililo jikoni mwenu.