Chuo Kikubwa au Chuo Kidogo: Nasaha kwa Wazazi wa Tabora

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Julai, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yakiisha kutangazwa, hapana nyumba yenye kijana aliyefaulu katika mji wetu, tangu Ng'ambo hadi Isevya, na tangu Cheyo hadi Kanyenye, isiyokuwa na baraza lake. Baba hutaka mwanawe aende Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kuwa ndiko walikosoma wakubwa wa nchi. Mama huuogopa umbali, maana ni zaidi ya kilomita 800 kwa reli. Mjomba hutoa neno lake na jirani huongeza lake. Na kijana mwenyewe, ambaye safari ni yake na deni litakuwa lake, aghlabu huulizwa mwisho, kama huulizwa.

Nia ya makala haya ni kuwaomba wazazi waligeuze baraza hilo. Swali la ukubwa wa chuo, ambalo huwekwa mbele ya maswali yote, lilistahili kuwa la mwisho. Na sababu ya kuwekwa mbele, tukisema kweli bila ya kuoneana haya, ni kwamba jina kubwa la chuo humpa mzazi heshima barazani kabla ya kumpa mtoto faida darasani. Heshima si kitu kibaya, na mzazi aliyeuza ng'ombe au magunia ya mpunga ili mwanawe asome ana haki ya kujivunia. Walakini heshima ya mzazi ikikalia kiti cha haja ya mtoto, hapo ndipo dhuluma huanza, hata kama nia ilikuwa njema.

Tutazame kwanza asili ya hivyo vyuo vikubwa vyenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake, ambao wote walisoma sheria, hawakuzidi 14. Hakikuhamia Mlimani ila mwaka 1964, wala hakikuwa chuo kikuu kamili cha taifa ila mwaka 1970. Makerere, ambayo baadaye ilisifiwa Afrika Mashariki yote, ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye vijana wachache waliofundishwa useremala, ujenzi na umekanika. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, Mwanza, kilichotuletea hapa Tabora chuo kishiriki chenye jina la Askofu Mkuu Marko Mihayo, kilitokana na taasisi ndogo ya mafunzo ya jamii iliyoanzishwa Nyegezi mwaka 1960. Lau wazazi wa zama zile wangalipima elimu kwa wingi wa majengo na umati wa wanafunzi, wangaliwazuia watoto wao wasiende kuwa watu wa mwanzo katika vyuo hivyo, na nchi ingalipata hasara isiyofidika.

Aidha mji wetu una ushahidi ulio karibu zaidi. Julius Nyerere alisoma katika Shule ya Serikali ya Tabora tangu 1937 hadi 1942, akaenda Makerere, na alipomaliza huko mwaka 1945 aliitwa kufundisha na shule mbili za mji huu huu. Moja ilikuwa ile ile ya Serikali iliyomlea, yenye jina kubwa na matumaini ya pensheni. Ya pili ilikuwa Shule ya Mtakatifu Maria ya Mapadre Weupe, ambayo haikuwa na fahari hiyo. Alichagua ya Mtakatifu Maria, akafundisha historia na elimu ya viumbe, na ni mkuu wa shule hiyo, Padre Richard Walsh, aliyemsaidia kupata nafasi ya kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949. Mtu aliyechagua mahali padogo hakuzuiwa na udogo wake kufika mahali pakubwa, maadamu pale padogo palikuwa na mtu mmoja aliyemjua, aliyeona kipaji chake, na aliyekuwa tayari kumwandikia barua.

Lakini isidhaniwe kwamba nauhesabu udogo kuwa fadhila. Ziko elimu ambazo hazipatikani ila palipo na ukubwa. Anayetaka udaktari hana budi kwenda penye hospitali kubwa ya kufundishia, kama Muhimbili au Bugando. Anayetaka uhandisi anahitaji karakana na maabara ambazo chuo chenye mfuko mdogo hakiwezi kuzinunua. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyofunguliwa mwaka 2018, ilijengwa iweze kuhifadhi vitabu 800,000 na kukalisha wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Kijana mwenye kiu ya kusoma akiingia humo hupata kisima kisichokauka. Fauka ya hayo, katika chuo kikubwa kijana hukutana na wenzake wa kila mkoa na kila dini, naye akigundua mwaka wa kwanza kwamba kozi aliyoichukua haimfai, huenda akapata nyingine bila ya kuhama mji.

Ila ukubwa nao una gharama ambayo haiandikwi katika hati ya ada. Kijana aliyetoka shule ya bweni, ambako kengele ilimwamsha na kengele ikamlaza, na mwalimu wa zamu akamhesabu asubuhi na jioni, hujikuta kwa siku moja hana wa kumhesabu. Katika kozi zenye mamia ya watu, anayechelewa husimama ukutani na kunakili asichokisikia vizuri. Anaweza kukosa mihadhara wiki nzima na asiulizwe na mtu. Na asipopata kitanda katika mabweni ya chuo, hupanga chumba mtaani pamoja na wenziwe, akajifunza kwa wakati mmoja kupika, kubana fedha za kujikimu ambazo vijana huziita "boom", na kuepukana na walaghai. Wako wanaokomaa kwa mashaka hayo, wakawa watu hodari. Na wako wanaozama kimya kimya, wazazi wasijue mpaka yatokapo matokeo ya mwaka.

Na chuo kidogo nacho kina hatari zake, tena nyingine ni kubwa kuliko hizo. Kiko ambacho walimu wake ni wa kupita, leo wapo hapa na kesho wapo chuo kingine. Kiko chenye rafu tupu katika maktaba na kompyuta chache zisizotosha darasa moja. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu ilivizuia vyuo 19 visidahili wanafunzi wapya kwa sababu ya upungufu wa sifa, na vingi kati yavyo vilikuwa vya binafsi. Kwa hiyo mzazi asiridhike kwa ujirani wa chuo wala kwa upole wa wenye nacho, bali ahakikishe kwamba chuo kina ithibati, na kozi yenyewe anayoitaka mwanawe imo katika mwongozo wa udahili wa mwaka huo huo.

Watu wa mji huu, uliokua kwa sababu misafara ya Bagamoyo iligawanyika hapa, mmoja ukashika njia ya Ujiji na mwingine ukaelekea kaskazini, wanapaswa kuyaelewa haya upesi kuliko wengine. Msafara mkubwa ulipata usalama kwa wingi wake, lakini waliokuwa mkiani walifika kisimani wakakuta tope. Msafara mdogo ulitembea upesi, hata msafiri Stanley mwaka 1871 akaona afadhali kuugawa wake mafungu matano kutoka pwani, lakini udogo nao ulikuwa na khofu yake njiani. Mwenye busara hakuuliza tu msafara una watu wangapi. Aliuliza unakwenda wapi, kirangozi wake ni nani, na maji yako wapi.

Msimu uliopita mpwa wangu alikuja kwangu na mama yake, karatasi ya matokeo mkononi. Alikuwa amesoma HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, akapata C mbili na D moja. Baba yake alitaka asome sheria katika chuo kikubwa, lakini binti mwenyewe alikuwa kimya hata nilipomwuliza mara ya pili, ndipo akasema kwa sauti ndogo, "Mjomba, mimi nataka kufundisha Jiografia." Tulifungua mwongozo wa Tume, tukapitisha kidole mstari kwa mstari: jina la kozi, masomo yanayotakiwa, alama za chini, idadi ya nafasi, miaka ya kusoma. Alama zake mbili za juu zilipojumlishwa zilifika pointi 6, na kima cha chini kwa kozi nyingi ni 4. Mlango ulikuwa wazi kwake kwingi, ijapokuwa penye nafasi chache na waombaji wengi alama za chini si ahadi ya kupokewa. Shahada ya ualimu aliikuta katika vyuo vikubwa, akaikuta na hapa Tabora. Basi nikampa karatasi aichore safu za ada, malazi, chakula na nauli, na nikamtuma awaulize wanafunzi wa huku na wa huko mambo matatu: semina moja ina watu wangapi, kazi iliyosahihishwa hurudi baada ya muda gani, na wakati wa mazoezi ya kufundisha nani huja kumtazama mwanafunzi akiwa mbele ya darasa. Aliporudi na majibu, hapakuwa na haja ya baraza. Alichagua chuo cha nyumbani, na baba yake, alipoziona zile safu kwa mwandiko wa bintiye, aliridhia. Rafiki yake aliyesoma PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, na ambaye moyo wake ulikuwa katika uhandisi, alikwenda Dar es Salaam, na huko ndiko kulikomstahili.

Fedha nazo zina neno lake, na lisemwe mapema. Mkopo wa Bodi ya Mikopo hutolewa kwa aliyepata nafasi katika chuo chenye ithibati, kiwe cha Serikali au cha binafsi. Lakini si kila mwombaji hupewa, wala si kila anayepewa hulipiwa yote, seuze ada ya chuo cha binafsi ikiwa juu. Vyeti vya kuzaliwa vinavyoambatishwa na ombi la mkopo vihakikiwe na wakala wa usajili, RITA, kabla ya msongamano wa dakika za mwisho. Na kijana aambiwe wazi kwamba mkopo ni deni: akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake itakatwa kila mwezi hadi litakapokwisha.

Tusisahau pia kwamba vyuo vidogo si vile tu vinavyotoa shahada. Hapa petu kipo Chuo cha Ufugaji Nyuki, katika mkoa ambao asali ya miombo yake inajulikana nchi nzima. Na kijana mwenye stashahada yenye wastani wa 3.0 anaweza kuomba nafasi ya chuo kikuu baadaye, akiwa tayari ana ujuzi wa kumlisha. Kumdharau kijana aliyeshika njia hiyo ni ujinga uliovaa joho.

Basi nawasihi wazazi wa Tabora, na wa kila mji ulio mbali na vyuo vikuu vikubwa: Julai ijayo, kabla hamjataja jina la chuo chochote, muulizeni mtoto anataka kuwa nani, kisha mfungue naye mwongozo, mpige naye hisabu, na mkiweza mwende naye mkakione hicho chuo kwa macho. Toeni ushauri wenu wote, msifiche khofu zenu wala uwezo wenu wa fedha. Na ikifika siku ya kuthibitisha nafasi, mwacheni athibitishe kwa mkono wake. Atakayekaa darasani miaka mitatu au zaidi ni yeye, na atakayekatwa mshahara ni yeye. Neno la mwisho na liwe lake.