Mpunga wa Madibira na Vyumba Vyetu

Ipo kauli inayokera, nayo hutolewa na wenye nyumba kila mpangaji anapoonyesha weusi uliotanda ukutani chini ya kiyoyozi: "Hii ndiyo hali ya kisiwa, bahari ipo karibu, utafanyaje?" Kauli hiyo si kweli, na madhara yake yamo vifuani mwa watoto.

Watu wa pwani wanaujua mchele wa Mbeya kwa harufu yake sufuriani. Wachache wamejiuliza umehifadhiwaje hata ukatufikia ukiwa mzima. Katika mashamba ya umwagiliaji ya Madibira, wilayani Mbarali, kwenye tambarare za Usangu, maji ndiyo uhai wa mpunga. Lakini ukishavunwa, maji yale yale huwa adui. Mpunga huanikwa juani na kugeuzwa, na mkulima huupima ukavu kwa kuvunja punje kwa meno. Wataalamu wanataka unyevu usizidi asilimia 14. Ukitiwa guniani ungali na maji, huota kuvu, na vumbi lake humkohoza anayelifungua gunia. Mkulima haisingizii mvua. Anajua kuwa kuvu ni tunda la maji yaliyoachwa pasipo pahala pake.

Basi chumba chenye kiyoyozi kinachovuja kina tofauti gani na gunia lile? Kiyoyozi hupoza hewa, na hewa yenye mvuke ikipoa hutoa maji. Maji hayo hukusanyika katika sinia lililo ndani ya mashine, kisha hutoka nje kwa bomba jembamba. Bomba likiziba kwa vumbi na utelezi, maji hurudi ukutani. Madirisha nayo yamefungwa ili ubaridi usitoke. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo ulioeleza kwamba wakaao katika majengo yenye unyevu na kuvu wamo katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya njia ya hewa, pumu ikiwemo.

Wanaoisingizia bahari watuambie: Mji Mkongwe ulijengwa wapi, kama si ufukweni? Mafundi wa kale walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ambayo hunywa unyevu na kuutoa. Dari wakaziinua, na madirisha wakayaelekeza kwenye upepo. Sisi tumekuja na lipu ya saruji inayoufungia unyevu ndani ya jiwe, kisha tukaziba madirisha. Washairi wetu nao huusifu upepo wa kusi katika beti zao, kisha hulala katika vyumba usimopita.

Hatusemi viyoyozi ving'olewe. Joto la kaskazi tunalijua. Tunasema bomba lizibuliwe, sinia lisafishwe, madirisha yafunguliwe kila siku, na fundi wa mashine aitwe kabla ya fundi wa rangi. Kwani rangi ndiyo dawa ya wengi: weusi hufunikwa leo, kesho hutokeza tena, na mtoto hupelekwa hospitali akarudishwa kulala palepale. Mficha maradhi kifo kitamuumbua.

Anayepokea kodi ya chumba amepokea pia dhamana ya hewa iliyomo. Mkulima wa Madibira huongeza siku za kuanika ili mpunga wake usioze. Ni aibu iliyoje, mpunga kuhurumiwa kuliko mtoto!